Leseni mkononi, saa 200 tu: kazi ya kwanza ya urubani inavyopatikana Afrika Mashariki

#1. Mwanzisha uzi (Arusha)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila mwaka napokea ujumbe unaofanana kutoka kwa vijana waliomaliza mafunzo ya urubani Afrika Kusini, Ethiopia, Soroti kule Uganda au pale uwanja wa Wilson, Nairobi. Leseni ya kibiashara wanayo, cheti cha afya cha daraja la kwanza wanacho, wametuma wasifu kwa kila kampuni waliyoisikia, na hakuna aliyewajibu. Badala ya kumjibu kila mmoja pembeni, nimeona niandike hapa kwa kirefu, na wenye uzoefu tofauti na wangu wanisahihishe.

Mimi ni rubani wa Caravan, ile ndege ndogo ya abiria yenye injini moja, na kituo changu cha kazi ni uwanja wa Arusha, pale Kisongo. Baada ya kupata leseni nilikaa miezi 19 bila kuruka kwa malipo, kwa hiyo ninayoyaandika nimeyapitia.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayowakatisha wengi tamaa. Kiwango cha chini cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga kwa leseni ya rubani wa kibiashara ni saa 200 za kuruka, au saa 150 kwa aliyesoma kozi kamili iliyoidhinishwa. Leseni ya juu, ile ya rubani wa mashirika ya ndege, inadai saa 1,500. Kati ya namba hizo mbili hakuna shule inayokuvusha. Unavuka kwa kufanya kazi, na kazi yenyewe inataka uwe umeshavuka.

Kinachowaziba wengi si leseni, ni bima. Kampuni ya bima huangalia thamani ya ndege, idadi ya abiria na saa za rubani, kisha huweka kiwango chake yenyewe, ambacho mara nyingi ni mamia ya saa juu ya kile cha leseni, na hutaka sehemu ya saa hizo ziwe za ndege ya aina hiyohiyo. Meneja akikwambia kwamba anahitaji mtu mwenye saa 500, usidhani amekudharau. Anakusomea masharti ya mkataba ambao bila huo ndege yake haipaswi kuondoka.

Sasa nieleze nilivyopata kazi, kwa sababu humo ndimo mna jambo ninalotaka kulisema. Nilituma barua pepe zaidi ya 40 nikiwa nyumbani Dodoma. Zilijibiwa mbili, zote za kunishukuru kwa kuonyesha nia. Mwezi wa kumi na mmoja wa kukaa bure nilipanda basi kwenda Arusha nikiwa na wasifu wa ukurasa mmoja, leseni na kitabu cha kumbukumbu za safari, nikaanza kugonga milango ya ofisi za kampuni pale uwanjani. Katika ofisi ya tatu, mama mmoja aliyesimamia uendeshaji aliniambia kwamba nafasi ya rubani hakuna, ila kijana wa kupanga abiria na mizigo amehama. Je, nitaweza kufika kazini kila siku saa kumi na moja alfajiri? Nilikubali palepale.

Nilifanya kazi hiyo miezi minane. Nilipima mizigo ya watalii, ambao wengi wao huruhusiwa kilo 15 kila mmoja katika begi laini, na nikajifunza kwamba begi linaloonekana dogo linaweza kufika kilo 22 kwa sababu ya kamera. Niliandaa karatasi za uzito na mlingano wa ndege, nikakosea, nikasahihishwa. Niliwasikia marubani wakiita redioni kutoka Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, kwamba mvua imelowesha kiwanja na wanageukia Seronera, nikaona jinsi badiliko moja kama hilo linavyovuruga mafuta, abiria na magari ya hoteli kwa siku nzima. Hayo yote sikuyafundishwa shuleni, na ndiyo yanayofanya nusu ya kazi ninayoifanya leo.

Kisha, Aprili, rubani mmoja alihamia kampuni yenye ndege kubwa. Nafasi yake haikutangazwa popote. Mkuu wa marubani alitoka ofisini kwake, akasimama mbele ya meza yangu, akaniuliza kama cheti changu cha afya bado kiko hai. Kilikuwa hai, kwa sababu nilikilipia kwa mshahara wa kupanga mizigo. Wiki iliyofuata nilianza mafunzo.

Hoja yangu, basi, ni kwamba kazi ya kwanza kwa mwenye saa chache huamuliwa uwanjani, na watu wanaokuona kila asubuhi, kabla nafasi haijafika kwenye tangazo. Kampuni ya ndege nne au sita haina idara ya kuchambua wasifu 300. Ina mkuu wa marubani ambaye naye anaruka siku tano kwa wiki, na anapomhitaji mtu huanza na wale anaowafahamu tabia zao.

Majira nayo yana uzito. Safari za kitalii kaskazini hupamba moto kuanzia Juni hadi Oktoba, na masika ya Aprili na Mei ndiyo kipindi cha utulivu ambapo kampuni hupata nafasi ya kufundisha marubani wapya. Anayekuja kugonga mlango mwezi wa nane anamkuta mkuu wa marubani akiwa angani au amelala. Njoo Februari au Machi.

Karibuni kwa maswali.

#2. Mchangiaji, mzazi (Mwanza)

Mwanangu, nakushukuru kwa kuandika kwa utulivu. Mimi si rubani. Ni mama wa binti aliyerudi kutoka Afrika Kusini mwaka jana akiwa na leseni na saa 214. Tuliuza kiwanja ili asome. Sasa amepata barua ya kampuni moja inayomtaka alipe fedha ili akae kiti cha kulia cha Caravan, yaani cha rubani msaidizi, kwa saa 300, na wanasema baada ya hapo atakuwa rubani mwenye uzoefu na ataajiriwa popote. Baba yake anataka tuuze na shamba. Nakuomba unishauri kama ambavyo ungemshauri mama yako.

#3. Mwanzisha uzi

Shikamoo mama. Nimeisoma barua yako mara mbili kabla ya kujibu. Ushauri wangu ni kwamba shamba lisiguswe mpaka kampuni hiyo ijibu kwa maandishi maswali nitakayoyataja hapa chini.

Caravan ni ndege iliyothibitishwa kurushwa na rubani mmoja. Aliye kiti cha kulia ana kazi ya kisheria pale tu kanuni za nchi, au utaratibu wa kampuni ulioidhinishwa na mamlaka, unapodai marubani wawili. Kanuni za kimataifa zinasema kwamba rubani msaidizi katika ndege ya rubani mmoja, pale nchi inapodai msaidizi awepo, huhesabiwa si zaidi ya nusu ya saa hizo anapoomba leseni ya juu. Ziko hali ambapo mamlaka huweza kuzihesabu zote, ikiwa ndege ina vifaa vya kumwezesha msaidizi na safari inaendeshwa kweli kwa ushirikiano wa marubani wawili. Ikiwa hakuna dai lolote la kuwa na msaidizi, binti yako anaweza kuambiwa siku ya kuomba leseni kwamba alikuwa abiria aliyeshika chati.

Tufanye hesabu, mama. Saa 300 zikihesabiwa nusu ni 150. Kati ya hizo, saa ambazo yeye mwenyewe alikuwa na amri ya ndege ni sifuri. Kwa rubani wa kuruka peke yake, kampuni ya bima huangalia kwanza saa za amri, kwa hiyo familia italipa fedha nyingi kununua aina ya saa zenye thamani ndogo sokoni.

Maswali ni haya. Je, mwongozo wa uendeshaji wa kampuni ulioidhinishwa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania, unamtaja rubani msaidizi wa Caravan? Je, atapewa mkataba wa ajira na kuingizwa kwenye mafunzo na mitihani ya kampuni kama marubani wengine? Je, jina lake litaandikwa kwenye kumbukumbu rasmi za kila safari? Majibu akayathibitishe katika ofisi ya leseni ya mamlaka, ana kwa ana. Na hata majibu yote yakiwa mazuri, nabaki na maoni yangu kwamba rubani anayebeba abiria waliolipa nauli anastahili kulipwa, na kampuni inayomtoza imeanza uhusiano huo vibaya.

Nilipokuwa natafuta kazi, kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilinipokea kwa ahadi ya kiti cha kulia baada ya miezi mitatu ya kujitolea. Mwezi wa nne nilimkuta kijana mwingine mpya ameahidiwa kiti hichohicho. Niliondoka bila hata saa moja. Ndiyo sababu nasisitiza maandishi.

#4. Mchangiaji, mkufunzi (Nairobi)

Ndugu mwanzisha uzi, nakubaliana nawe kuhusu kulipia kiti, lakini naona umeiruka njia ambayo kwa maoni yangu ndiyo imara zaidi, nayo ni ukufunzi.

Hapa Wilson nimefundisha miaka minne. Nilianza nikiwa na saa 230, nikatafuta rukhsa ya ukufunzi kwa gharama iliyokuwa chini sana kuliko kununua saa za Caravan, na leo nina zaidi ya 1,400. Mkufunzi anayeruka na mwanafunzi huandikiwa muda huo kuwa ni wa amri. Kila siku anatua mara nyingi kuliko rubani wa abiria, tena akitazama mtu mwingine akikaribia kukosea na kupima ni lini aingilie kati. Uwanja wenyewe uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, una msongamano wa ndege za kila aina, na mawingu ya Julai hushuka mpaka juu ya milima ya Ngong. Aliyefundisha hapo miaka miwili amekomaa.

Wapo wanaoutazama ukufunzi kama kituo cha kusubiria basi. Mwanafunzi analihisi hilo, naye ndiye anayelipa. Ikiwa hupendi kufundisha, tafadhali usifundishe.

#5. Mwanzisha uzi

Mwalimu, nakubali masahihisho, na nakiri kwamba sikuutaja ukufunzi kwa sababu mimi sikuupitia. Kwa saa za amri hakuna njia ya haraka na halali inayoushinda. Ugumu wake kwetu Tanzania ni kwamba shule za urubani ni chache na wanafunzi ni wachache, hivyo kijana hulazimika kuhamia Kenya au kusini, na huko hukutana na suala la kibali cha kazi na kubadilisha leseni. Kanuni za nchi za Jumuiya zimefanywa zifanane kwa kiasi kikubwa kupitia wakala wa usalama wa anga wenye makao Entebbe, lakini raia hutangulizwa kwao, na sioni kosa katika hilo.

Umenikumbusha jambo ambalo marubani wengi wa mbugani huligundua wakiwa wamechelewa. Saa 1,500 peke yake haitoshi kwa leseni ya juu. Ndani yake lazima kuwe na saa 75 za kuruka kwa vyombo, yaani kwa kusoma vipimo vya ndani ya ndege bila kutegemea kuona nje, na kati yake zisizozidi 30 ndizo zinaweza kuwa za kwenye mashine ya mazoezi ya ardhini, na saa 100 za usiku. Viwanja vya hifadhini kwa sehemu kubwa ni vya changarawe visivyo na taa. Saa kumi na mbili jioni kila mtu yuko chini. Nimemwona mwenzangu aliyefikisha saa 2,300 akiwa na saa 31 za usiku. Alibaki miezi mingi akitafuta safari za jioni kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ili aliondoe pengo hilo, na safari hiyo ni ya dakika 20 hivi tu angani. Ukiajiriwa, andika saa zako kwa makundi tangu siku ya kwanza, na kila robo mwaka angalia ni kundi gani linabaki nyuma. Kampuni zenye safari za wagonjwa wa dharura hutoa saa za usiku, ingawa hizo kwa kawaida huwaendea waliokwisha kukomaa.

Nyongeza kuhusu milango midogo. Hifadhi na mashirika ya uhifadhi yana ndege zake za doria, zikiwamo za KWS kwa Kenya na TANAPA kwa Tanzania. Yako pia mashirika ya huduma za kimisionari na matibabu kama MAF na Flying Medical Service, na mapambano dhidi ya nzige na kwelea kwelea huendeshwa na shirika la kikanda. Nafasi huko ni chache, na kuruka chini kunahitaji mafunzo ya pekee. Januari 1959 Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani pamoja na baba yake, alifariki baada ya ndege yake kugongana na tai, na tai wale bado wapo. Kwa hiyo asiyekuwa na uzoefu asikubali kazi ya doria kwa sababu tu kiti kiko wazi.

#6. Mchangiaji, rubani mpya (Dar es Salaam)

Kaka, heshima yako. Nina saa 205. Rafiki yangu ameniambia kwamba Kongo na Sudan Kusini wanachukua watu bila kuuliza mengi, na kwamba ukiongeza saa 200 kwenye kitabu kwa kalamu hakuna atakayejua. Naomba maoni ya wakubwa.

#7. Mchangiaji, rubani mstaafu (Nairobi)

Kijana wangu, nakujibu kwa sababu nimeruka Lokichoggio, Juba, Goma na Bunia, na nimewazika marafiki.

Kuhusu kalamu. Kila safari halali ina nyayo: kumbukumbu za ndege yenyewe, ankara ya mafuta, daftari la mnara, ada ya kutua. Mkaguzi anayeshuku huchukua kitabu chako na kitabu cha ndege akaviweka sambamba, na kazi hiyo humchukua asubuhi moja. Leseni ikifutwa kwa udanganyifu, jina lako litasambaa kutoka Kisongo hadi Wilson kabla ya jioni, kwa maana sisi ni wachache na tunajuana. Na hayo ndiyo madogo. Makubwa ni kwamba siku injini itakapopungua nguvu juu ya msitu, zile saa 200 za kalamu hazitakuwapo.

Kuhusu Kongo, wapo waendeshaji makini, hasa wanaobeba mashirika ya misaada, lakini hao ndio wanaodai saa nyingi zaidi. Asiyeuliza mengi, nawe jiulize kwa nini haulizi. Kampuni za ndege zilizothibitishwa na mamlaka ya Kongo zimo kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya ya zisizoruhusiwa kuingia anga lake kwa miaka mingi sasa, na mwajiri wako wa baadaye anaijua orodha hiyo. Zamani vijana wengi wa Wilson walipata saa zao kwa kupeleka miraa Somalia alfajiri. Wapo walioinuka kutokea hapo, sitakataa. Lakini mzigo ule hauvumilii kuchelewa, na rubani mwenye saa 300 anayeambiwa na mfanyabiashara kwamba mvua si kitu hana nguvu ya kukataa. Kwangu hicho ndicho kipimo cha kazi ya kwanza: je, ukisema leo siruki, kesho utakuwa bado na kazi? Muulize swali hilo rubani mdogo wa kampuni hiyo, pembeni, kabla hujasaini.

#8. Mchangiaji, rubani mpya (Mwanza)

Kaka, shikamoo. Mimi ndiye binti aliyetajwa na mama. Nilipeleka maswali yale. Kampuni ilijibu kwamba mwongozo wao hautaji rubani msaidizi, ila "huo ni utaratibu wa kawaida". Tumekataa, na shamba limebaki. Nimeamua kuja Arusha mwezi wa pili. Naomba uniambie nije na nini, na kwenye usaili huwa wanauliza nini. Sijaruka tangu mwezi wa nane.

#9. Mwanzisha uzi

Marahaba mdogo wangu, na umsalimie sana mama.

Tangu mwezi wa nane zimepita siku nyingi kuliko 90, kwa hiyo kisheria huwezi kubeba abiria mpaka upae na kutua mara tatu. Kabla ya kuja, tumia fedha kidogo zilizopo kwa saa mbili au tatu za ndege ndogo pamoja na mkufunzi, kisha uandike tarehe hiyo juu kabisa kwenye wasifu wako. Mkuu wa marubani huangalia saa ulizoruka katika siku 90 zilizopita kabla hajaangalia jumla. Hakikisha cheti cha afya kina miezi ya kutosha mbele, na kama leseni yako ni ya Afrika Kusini, anza kuibadilisha TCAA sasa, pamoja na mtihani wa sheria za anga, maana hakuna kampuni itakayokusubiri kwa hilo.

Kwenye usaili usitegemee maswali ya kukariri. Mimi nilipewa karatasi na kalamu: abiria tisa, uzito wao, mizigo, mafuta ya kwenda na kurudi, kiwanja cha changarawe chenye unyevu, joto nyuzi 28. Arusha iko takriban futi 4,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa joto hilo ndege hujiona kama iko juu ya futi 7,000; itakimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka na itapanda polepole. Hesabu yangu ilionyesha kwamba uzito umezidi kwa kilo 64. Nilishuku kwamba nimekosea, nikarudia, ikatoka ileile. Nikamwambia mkuu wa marubani kwamba safari hiyo siwezi kuiruka hivyo, na kwamba ningepunguza mafuta ya kurudi ikiwa kuna mafuta kule, au ningemwacha abiria mmoja na mzigo wake kwa ndege inayofuata. Ndilo jibu alilokuwa akilitafuta. Fanya hesabu za namna hiyo kila siku kuanzia leo, kwa kutumia kitabu cha Caravan, mpaka zikutoke bila kigugumizi.

Njoo na nakala kumi za wasifu wa ukurasa mmoja, vyeti halisi, viatu vya kutembelea kwenye vumbi, na fedha ya kuishi wiki sita bila kumtegemea mtu. Chumba cha kawaida kinapatikana upande wa Kisongo, na daladala za huko ni nyingi. Ofisi zenye shughuli usiziendee asubuhi kabla ya saa nne, kwa sababu safari za kwanza zinaondoka. Ukiulizwa kama unaweza kuanza na mizigo, au redio, au dawati la abiria, uliza kwanza kama marubani wa kampuni hiyo wamewahi kutoka katika dawati hilo, na wangapi. Wakikutajia hata wawili, kaa.

Ukifika, niandikie hapahapa ukumbini. Jumatatu huwa siruki, nitakutembeza ofisi kwa ofisi.